Harusi ya Rafiki Ufaransa: Mwongozo Kamili wa Safari, Kuanzia Saa ya Meya Kurudi Nyuma

Kila msimu wa harusi za Ufaransa, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, napata ujumbe unaofanana: "Nimefika, lakini nimekuta wameshaoana." Mmoja kanyimwa viza kwa karatasi ambayo mwenyeji wake hakujua kama inatakiwa. Mwingine kashuka kituo kisicho chake, kasimama juani na sanduku wakati wenzake wanapiga picha ngazini. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia ukumbi wa manispaa meya akiwa ameshavua utepe wake. Rafiki yangu alinikumbatia, akaniambia alikuwa akiutazama mlango muda wote. Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya kwa kirefu.

Karibu wote wanakosea mahali pamoja: wanaanza na tiketi ya ndege. Wewe anza na saa ya meya, kisha panga safari kurudi nyuma hadi mlangoni kwako.

Hatua hizi ni za mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, anayekwenda kwa wiki moja au mbili kwa ajili ya harusi na kuonana na marafiki waliotawanyika. Kama una pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya, ruka hatua ya 2 na ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa 2 tupu, na ambayo itaendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo.
- Ratiba ya harusi kwa maandishi (hatua ya 1).
- Barua ya mwaliko kutoka kwa maharusi na nakala ya kitambulisho cha mmoja wao.
- Cheti cha kupokea mgeni, ikiwa utalala nyumbani kwa mtu (hatua ya 2).
- Bima ya safari ya angalau euro 30,000, inayogharamia matibabu na kurudishwa nyumbani, katika nchi zote za Schengen na kwa siku zako zote.
- Taarifa za benki za miezi 3, barua ya mwajiri inayoonyesha umepewa likizo, au leseni ya biashara na hati za kodi.
- Ada ya viza: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi.
- Adapta ya plagi. Ukutani mwao kuna matundu mawili ya duara, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu haitaingia.
- Koti, hata kama harusi ni ya Juni.

## Hatua ya 1: Pata saa ya meya kwa maandishi

Ufaransa, ndoa inayotambuliwa na sheria ni ile inayofungwa kwenye jengo la manispaa, linaloitwa *mairie*, mbele ya meya au naibu wake. Padri, mchungaji au imamu haruhusiwi kufungisha ya dini kabla ya hiyo. Kwa hiyo manispaa ndiyo inayotangulia daima, na ndiyo inayokosewa zaidi, maana kadi nyingi huandika kanisa au ukumbi wa sherehe kwa herufi kubwa na saa ya manispaa kwa herufi ndogo chini. Wapo wanaofunga ya meya siku moja kabla, Ijumaa, na ndugu wachache tu.

Muulize rafiki yako maswali haya manne, na akujibu kwa maandishi:

1. Ni *mairie* ya mji gani, saa ngapi, na je, mimi nimealikwa hapo?
2. Nimealikwa hatua zipi? Kwetu kadi ni ya mtu mmoja au ya wawili, basi. Kule mwaliko hugawanywa kwa hatua. Kuna *vin d'honneur*, kipindi cha vinywaji na vitafunio baada ya ndoa, na kuna *dîner*, chakula cha usiku cha kukaa mezani. Mtu anaweza kualikwa kwenye cha kwanza tu, na wao hawaoni hilo kama dharau. Usipouliza, utajikuta saa mbili usiku hakuna kiti chenye jina lako, uko kijijini, na basi la mwisho limeondoka.
3. Mwaliko ni wangu peke yangu? Jina lisiloandikwa halijaalikwa. Kwenda na binamu aishiye Paris "kwa kuwa yuko karibu" ni kumvurugia bibi harusi mpango wa meza alioulipia kwa kila kichwa.
4. Kuna chakula cha Jumapili? Wengi huandaa mlo wa asubuhi ya pili. Hapo ndipo utakapozungumza na rafiki yako kwa utulivu, kwa hiyo usikate tiketi ya kuondoka Jumapili asubuhi.

Sasa saa zenyewe. Wafaransa huandika saa kwa mtindo wa ishirini na nne, na msemaji wa Kiswahili hujichanganya haraka. 14h30 ni saa nane na nusu mchana. 16h ni saa kumi jioni. 20h ni saa mbili usiku, si saa nane. Andika zote mbili, yao na yetu, kwenye karatasi moja. Kiangazi saa zao ziko nyuma ya za Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Majira ya baridi, kwa saa mbili.

Utajua umefaulu ukiwa na ujumbe mmoja wenye mji, anwani, saa, na hatua ulizoalikwa. Kabla ya hapo usilipe chochote.

## Hatua ya 2: Cheti cha kupokea mgeni

Hapa ndipo maombi mengi ya viza yanapokwama. Ukisema utalala kwa rafiki, barua yake peke yake haitoshi. Lazima yeye mwenyewe aende manispaa ya mahali anapoishi, aombe *attestation d'accueil*. Atapeleka kitambulisho, hati ya nyumba au mkataba wa kupanga, na uthibitisho wa kipato, pamoja na stempu ya ushuru ya euro 30 ambayo hairudishwi hata akikataliwa. Manispaa ina haki ya kuangalia kama nyumba inatosha kupokea mgeni, na majibu yanaweza kuchukua hadi mwezi mzima.

Ninachoshauri ni kwamba maharusi wasiombwe jambo hili. Miezi miwili kabla ya harusi hawana hata muda wa kulala. Mwombe rafiki mwingine ambaye utakaa kwake siku nyingi zaidi, na siku zilizobaki uweke hoteli inayoruhusu kufuta bila malipo.

Tahadhari: inatakiwa hati halisi, si picha ya simu. Atume kwa huduma ya vifurushi, na siku ya safari uibebe mkononi, kwa sababu askari wa mpakani anaweza kuiomba.

Cheti hiki pia hupunguza fedha unazotakiwa kuonyesha. Ufaransa hudai euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli, euro 120 kwa asiye na hoteli wala cheti, na euro 32.50 kwa mwenye cheti. Kwa siku 10 hiyo ni tofauti kati ya euro 1,200 na euro 325.

## Hatua ya 3: Faili la viza

Maombi hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usiamini hizo 15. Uamuzi hutoka kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45, na nafasi za miadi hujaa kabla ya kiangazi. Lenga kupeleka faili miezi 3 kabla ya harusi.

Jaza fomu kwenye tovuti rasmi ya France-Visas, ichapishe, kisha upeleke kila kitu kwenye kituo kilichotajwa hapo kwa ajili ya nchi yako. Mambo matatu yaangalie kwa makini.

*Majina.* Fomu hutenganisha jina la familia na majina ya kwanza. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu. Usibuni, fuata pasipoti ilivyoyapanga, na ufanye hivyo hivyo kwenye bima, hoteli na tiketi.

*Nchi ya kuombea.* Kama utapita pia Ubelgiji au Italia kuonana na watu, omba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwenye ile utakayoingilia kwanza.

*Sababu ya kurudi.* Anayepitia faili anataka kuona kwamba una jambo linalokuita nyumbani: kazi, biashara, masomo, watoto. Andika barua fupi ya ukurasa mmoja inayotaja harusi, tarehe, mahali pa kulala usiku kwa usiku, na siku ya kurudi kazini. Hati zilizo kwa Kiswahili zitafsiriwe.

Tahadhari: unachotakiwa kuonyesha ni nafasi ya ndege iliyoshikiliwa. Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya viza.

Ukipewa pasipoti, soma viza papo hapo kabla hujatoka mlangoni: jina, tarehe, idadi ya siku, idadi ya kuingia. Siku ya kufika na siku ya kuondoka zote huhesabiwa. Na kama katika mikutano yako kuna London, kumbuka Uingereza haimo Schengen. Utahitaji viza yake, na ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo ukivuka kwa treni hutarudi.

## Hatua ya 4: Ndege

Fika angalau siku mbili kamili kabla ya saa ya meya. Harusi ikiwa Jumamosi saa nane na nusu, uwe umetua Alhamisi asubuhi. Siku hizo mbili ni za sanduku lililochelewa, mgomo wa treni, na mwili uliochoka.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wageni kwa mashine, kwa picha ya uso na alama za vidole, badala ya muhuri. Foleni mpakani zinaweza kuwa ndefu. Weka pengo la saa 3 au zaidi kati ya kutua na treni yoyote uliyolipia.

Uwanja wa Charles de Gaulle una kituo chake cha treni za kasi, ndani ya jengo la 2. Kama harusi iko upande wa Lyon, Lille au kusini, tafuta kwanza treni inayoanzia hapo hapo. Kubeba masanduku katikati ya Paris kwa ajili tu ya kutoka tena Paris ni kazi bure.

## Hatua ya 5: Treni

Tiketi za treni za kasi, TGV, hufanana na za ndege: ukinunua miezi miwili kabla unalipa kidogo, ukinunua siku yenyewe unalia. Za mikoani, TER, kwa kawaida hazipandi bei hivyo. Hizo nunua hata siku hiyo.

Jambo la kwanza la kukaa kichwani ni kwamba Paris haina kituo kimoja kikuu. Kila upande wa nchi una kituo chake:

- Gare de Lyon: Lyon, Dijon, Mâcon, Marseille, Montpellier, Nice.
- Montparnasse: Bordeaux, Nantes, Rennes, Toulouse.
- Gare de l'Est: Reims, Strasbourg.
- Gare du Nord: Lille.
- Saint-Lazare: Rouen, Caen.

Gare de Lyon iko Paris. Rudia sentensi hiyo. Nimewahi kupokea simu ya mtu aliyekuwa akimwambia dereva teksi ampeleke "Lyon" bila kuelewa kwa nini dereva anauliza mara tatu. Kituo kikuu cha mji wa Lyon wenyewe ni Part-Dieu.

Jambo la pili: miji mingi ina vituo viwili. Kimoja kiko mjini, kingine ni cha treni za kasi, kimejengwa nje, pengine katikati ya mashamba, na jina lake huishia na "TGV". Mâcon kuna Mâcon-Ville na Mâcon-Loché TGV. Avignon kuna Centre na TGV. Kituo cha Aix-en-Provence TGV kiko mbali kabisa na mji. Anayekuja kukupokea akisema "nakusubiri Mâcon", mrudishie swali: ipi?

Jambo la tatu: milango ya TGV hufungwa dakika 2 kabla ya saa iliyoandikwa. Kwenye tiketi angalia *voiture* (behewa) na *place* (kiti). Mara nyingine treni mbili huunganishwa mgongo kwa mgongo na kuachana njiani, kila moja na mji wake. Ukipanda behewa lolote kwa haraka ukidhani utatembea ndani hadi lako, unaweza kuishia mji mwingine.

Masanduku yote yaandikwe jina lako, ni sharti. TGV ya kawaida huruhusu mawili makubwa na begi dogo. Ile ya bei nafuu, OUIGO, hutoza malipo ya ziada kwa sanduku kubwa, kwa hiyo lilipie mapema mtandaoni unaponunua tiketi.

Tahadhari ya mgomo. Neno la kujua ni *grève*. Migomo hutangazwa kabla, na orodha ya treni zitakazotembea hutolewa jioni ya siku inayotangulia. Ukiliona neno hilo kwenye habari, usisubiri asubuhi. Sogeza safari iwe siku moja kabla ya mgomo. Angalia pia kalenda ya Mei. Tarehe 1 na 8 ni sikukuu, na Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana huangukia humo mara nyingi. Watu huunganisha sikukuu na wikendi na treni hujaa.

## Hatua ya 6: Kilomita za mwisho

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjika, na wenyeji hawakuambii kwa sababu wao wana magari.

Harusi nyingi za kiangazi hufanyika vijijini: shamba la mizabibu, ghala la zamani lililotengenezwa upya, kasri ndogo. Kituo cha treni kiko kilomita 20 kutoka hapo. Hakuna bodaboda. Basi la kijiji, kama lipo, hupita mara mbili au tatu kwa siku na Jumapili halionekani. Teksi ya mji mdogo huwekwa siku kadhaa kabla kwa simu, na ukitoka ukumbini saa nane usiku ukitegemea kuita gari kwa programu ya simu, utalala ukumbini.

Fanya hivi, wiki sita kabla:

Muulize rafiki kama kuna *navette*, yaani gari la kuzungusha wageni kati ya kanisa, ukumbi na malazi. Kama hakuna, mwombe akuunganishe na mgeni mwenye gari anayetokea Paris au mji utakaolala. Wafaransa wamezoea sana kushiriki gari, *covoiturage*, na hawaoni aibu kugawana mafuta na ushuru wa barabara. Jitolee kuchangia kabla hujaombwa.

Malazi yawe ndani ya kijiji au pale unapoweza kutembea kwa miguu. Nyumba ndogo za wageni, *chambres d'hôtes*, hutaka kujua saa ya kufika. Mwenye nyumba si hoteli yenye mapokezi usiku kucha. Mwandikie saa, na umwambie utarudi alfajiri ili akuachie ufunguo.

Ukiamua kukodi gari, kumbuka kule huendesha upande wa kulia. Kodi ukiwa umelala usingizi wa kutosha, si baada ya kushuka kwenye ndege. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Kuna huduma ya serikali ya taarifa za barabarani, Bison Futé, inayoipa kila siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Jumamosi ya mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, wanaotoka likizo wanapopishana na wanaoingia, huwa nyekundu au nyeusi. Harusi ikiwa siku hiyo, safiri Alhamisi.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kusita: nani ananitoa kituoni, nani ananipeleka manispaa, nani ananirudisha usiku. Majina matatu, namba tatu za simu.

## Hatua ya 7: Nguo, zawadi na chakula

Vaa vya kwenu. Kanzu na kofia, kitenge kilichoshonwa vizuri, dera la sherehe: vyote hupokelewa kwa furaha, na wapiga picha watakutafuta. Mwanamke asivae nyeupe. Kisigino chembamba huzama kwenye nyasi na kokoto za ua. Beba viatu vya pili.

Hakuna kamati wala michango. Mgeni hujilipia nauli na malazi, kisha huweka bahasha kwenye kisanduku ukumbini au hutuma mchango kwenye orodha ya mtandaoni ya maharusi. Weka unachoweza. Anayetoka mbali hivyo hapimwi kwa bahasha.

Juu ya bahasha, mimi hupeleka doti ya kanga na kikaratasi chenye tafsiri ya Kifaransa ya jina lake. Lakini soma jina kabla ya kulipa. Kanga za kusutana ni nyingi dukani, na siku moja mtu atamtafsiria bibi harusi.

Vya kula: nyama, maziwa na samli haviingii Umoja wa Ulaya mikononi mwa abiria. Embe na parachichi havipiti bila cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nazi, nanasi na tende vinaruhusiwa. Kahawa ya kukaangwa, majani ya chai na viungo vikavu havina shida. Fedha taslimu kuanzia euro 10,000 lazima zitangazwe.

Kama unakula halali, mwambie rafiki unapothibitisha kuja, si siku hiyo. Mweleze kwamba "bila nguruwe" si sawa na halali, na kwamba michuzi mingi hupikwa kwa divai. Njia rahisi kwa mpishi ni samaki au mboga. Na panga swala zako: mwishoni mwa Juni jua huzama Paris karibu saa nne usiku, kwa hiyo Magharibi itakukuta katikati ya chakula. Omba mapema chumba kitulivu.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Uwe nje ya *mairie* dakika 30 kabla. Shughuli ya ndani huchukua kama nusu saa au pungufu, na mara nyingi meya ana harusi nyingine inayofuata. Ukichelewa dakika 20, umekosa kiini.

Meya huingia na utepe wa buluu, nyeupe na nyekundu. Husoma vifungu vya Sheria ya Madai, kikiwemo cha 212 kinachowataka wanandoa kuheshimiana, kuwa waaminifu na kusaidiana. Kila mmoja anajibu "oui", wanasaini wao na mashahidi, kati ya 2 na 4, kisha hupewa kitabu cha familia. Mlango wa ukumbi huachwa wazi muda wote, kwa sheria.

Vigelegele viweke hadi mtoke ngazini. Baadhi ya manispaa huwasainisha maharusi ahadi ya kutopiga kelele ndani. Nje, piga vyote ulivyobeba. Familia zenye asili ya Afrika Kaskazini zina vyao na mtaitikiana.

Baada ya hapo, ya dini kama ipo, kisha *vin d'honneur*. Huko watu husimama na kuzungukana. Sema "bonjour" kwa kila unayekutana naye kabla ya neno lingine lolote; ukianza na swali bila salamu, umemkosea. Kula vitafunio vya kutosha, maana chakula chenyewe kinaweza kuanza saa tatu usiku.

Mezani tafuta jina lako kwenye ubao. Vyakula huja kimoja kimoja, katikati kuna hotuba na michezo ya marafiki, na keki, mnara wa vitobosha vya krimu vilivyogandishwa kwa sukari, hufika karibu na usiku wa manane. Ukiondoka kabla ya keki bila kuaga, itaonekana. Kifuko chenye lozi za sukari mbele ya sahani yako ni chako, chukua.

## Hatua ya 9: Kuonana na wengine

Mikutano yote iwe baada ya harusi. Nimeona mtu akipitia Bordeaux, Toulouse na Montpellier kwanza, treni moja ikachelewa, na ndoa ikampita.

Usizunguke Ufaransa nzima. Chagua mji mmoja na uwaite watu. Lyon hufaa: Paris ni saa 2 kwa TGV, Marseille ni pungufu ya hapo, na wote wanaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo. Wape tarehe mwezi mmoja kabla. Rafiki wa Kifaransa hapigiwi simu ukiwa mlangoni, hata kama mlilala chumba kimoja chuoni. Anapenda kujua siku na saa. Mkila mgahawani, kila mtu hulipa chake. Ukialikwa nyumbani, beba maua, ila si krisanthemu. Hayo hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba.

Nusu ya kwanza ya Agosti usipange mkutano Paris. Wenyewe wameondoka.

Ukiwa na siku ya ziada, teremka Marseille. Huko kuna jamii kubwa ya Wakomoro, na ukikaa kwenye duka au mgahawa wao utasikia lugha ambayo maneno yake mengi utayatambua bila kufundishwa. Baada ya siku kumi za Kifaransa, masikio hupumzika.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Fika uwanjani saa 3 kabla, au 4 kama unadai marejesho ya kodi. Ukinunua vitu vya zaidi ya euro 100 kwenye duka moja, onyesha pasipoti na uombe fomu ya *détaxe*. Uwanjani ipitishe kwenye mashine za PABLO kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuona bidhaa. Kama unabadilisha ndege ndani ya Umoja wa Ulaya, hakikisha pia utaratibu wa uwanja wako wa mwisho wa kutokea.

Usipitishe siku za viza hata moja. Tiketi ikibadilika, hesabu upya kabla ya kukubali.

Ukifika nyumbani, faili usilitupe. Hifadhi nakala ya viza iliyotumika, tiketi za kurudi na bima. Alama zako za vidole zinaweza kutumika tena kwa ombi jingine la Schengen ndani ya miezi 59, na safari iliyoisha kwa kurudi kwa wakati ndiyo hati nzuri zaidi utakayopeleka rafiki wa pili kati yenu atakapotuma kadi.